Juisi ya rosela inaruka lakini matone yanatoka na mkia

kijiko_na_lenzi:
Wakuu, napiga picha za menyu. Glasi ya rosela, kipande cha ndimu kinadondoshwa kutoka juu sentimita 20, juisi inaruka. Flashi mbili ndogo za betri, moja nyuma, moja ubavuni, mita 1 kutoka kwenye glasi, nguvu 1/2. Shata 1/4000 ya sekunde kwa HSS (hali ya flashi kwenda na shata ya kasi sana), mwanya wa lenzi f/11, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100. Matone yote yana mkia. Nipandishe shata hadi 1/8000?

giza_totoro:
Hapana, shata si dawa hapa. Kitu kikidondoka sentimita 20 kinafika chini kwa kasi ya karibu mita 2 kwa sekunde. Ndani ya 1/4000 kimeshasogea nusu milimita, na kwa tone dogo lililopigwa kwa karibu huo ndio mkia wako. HSS nayo haigandishi: flashi inapepesa mfululizo wakati mwanya wa shata unapita mbele ya sensa, na mwanga mwingi unapotea bure.

Zima HSS, weka shata 1/160, shusha flashi zote hadi 1/32. Flashi ndogo za aina hii hupunguza nguvu kwa kukata mwako mapema, kwa hiyo kwa 1/32 nyingi huwaka kama 1/20,000 ya sekunde. Hapo tone linasogea sehemu ya kumi ya milimita tu. Kutoka 1/2 hadi 1/32 unapoteza stopu 4 (kila stopu ni nusu ya mwanga). Sogeza flashi hadi sentimita 50, umerudisha 2; ISO 400, umerudisha 2 nyingine. Mwanga uliokuwa ukiliwa na HSS nao unaurudisha, huenda ukaishia ISO 200.

fundi_taa:
Naongezea: hesabu hiyo msiipeleke kwenye taa kubwa za studio bila kusoma kitabu chake. Zile za zamani, ukipunguza nguvu mwako unarefuka. Na angalia muda wa mwako wameuandika kwa t0.5 (mpaka mwanga ushuke hadi nusu ya kilele) au t0.1 (mpaka ushuke hadi sehemu ya kumi). Ya kuaminika ni t0.1, t0.5 huonyesha muda mfupi, mara nyingi theluthi tu ya t0.1.

mama_sharubati:
Rosela nzito kwenye picha ni nyeusi kama kahawa. Izimue mpaka uweze kusoma herufi za gazeti kupitia glasi, na usitie sukari, maana kila tone linalokauka kwenye kioo linaacha doa la kunata. Flashi ya nyuma ipite kwenye karatasi ya tresingi. Kingo za glasi zikipotea, simamisha vipande vya karatasi nyeusi pande zote mbili, nje kidogo ya fremu.

Fokasi: laza kijiti cha mshikaki katikati ya mdomo wa glasi, fokasi hapo, kisha hamia manyuo (fokasi ya mkono) isibadilike. Bandika glasi kwenye kigae kwa supaglu, la sivyo kila ukifuta inahama. Ndimu ikitua bapa juisi inaruka pande zote. Ikiingia kwa ubavu, inaruka upande mmoja. Flashi zivishe mifuko ya nailoni angavu.

kijiko_na_lenzi:
1/32, ISO 400, mkia umeisha! Ila sasa matone yana kivuli chepesi cha njano pembeni.

giza_totoro:
Taa ya dari hiyo, izime. Piga moja flashi zikiwa zimezimwa: lazima itoke nyeusi tii.