Nimepata postidoki Ujerumani, mwajiri kanikatalia likizo. Nifanyeje?

Pweza wa Raskazone: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nafundisha chuo kimoja hapa Tanga. Nimepata postidoki Ujerumani, yaani kazi ya utafiti ya mkataba wa miaka miwili, kuhusu magonjwa ya mwani. Naanza Oktoba. Nimeomba likizo bila malipo, mwajiri kagoma. Niache kazi au niache safari? Usingizi hauji. Natanguliza shukrani.

Mgosi wa Soni: Nenda mgosi! Mimi niliacha masomo ya nje nikang'ang'ania ajira, kampuni ikafungwa. Sasa nauza mapeasi Mombo.

Mama Kotonii: Mwanangu, hayo magonjwa si yapo huku kwetu Mkinga? Maji yakishapata joto, kotonii, ule mwani wenye bei, yote inapauka, inakatika kambani. Tumebaki na mwani aina ya spinosamu, na bei yake hainunui hata sare ya shule.

Dk Mstaafu: Kijana, postidoki ni ya mwenye uzamivu, yaani PhD, mkononi. Ule ufadhili wa Ulaya wa Marie Skłodowska-Curie, kwa mfano, haukupokei kama hujaumaliza siku dirisha la maombi linapofungwa. Tasnifu umetetea lini?

Pweza wa Raskazone: Niko hatua za mwisho, mzee wangu. Shida yangu ni mwajiri.

Dk Mstaafu: Nimeuliza lini.

Pweza wa Raskazone: Bado iko kwa watahini. Profesa wa kule anajua, barua yake inasema nipeleke uthibitisho kabla ya kuanza. Na barua ya kuacha kazi nimeshaipeleka Jumatatu, pikipiki nimeuza nikakata tiketi. Msiniambie nina papara. Nafasi hizi hazirudi, na msimamizi kaniahidi ripoti zitawahi.

Chumvi Nyingi: Wazee, hii chai. Subirini, sasa hivi inawekwa namba ya kuchangia. Mwani wenyewe anaujua huyu?

Pweza wa Raskazone: Sijaomba hata shilingi. Kotonii ikielemewa na joto, au mvua ikipunguza chumvi, inalainika, bakteria wanaingia, tawi linakuwa jeupe kama limechemshwa na kukatikia palepale. Spinosamu inavumilia zaidi. Nataka kujua kwa nini baadhi ya mbegu za kotonii zinapona kwenye shamba lilelile.

Mama Kotonii: Huyu mwacheni. Hilo la mbegu nimeliona kwenye kamba zangu, na hakuna bwana samaki aliyewahi kuniuliza.

Mgosi wa Soni: Mama, spinosamu kavu kilo bei gani sasa?

Dk Mstaafu: Turudi kwenye mada. Barua ya Jumatatu kama haijajibiwa, kesho asubuhi kaiondoe.

Pweza wa Raskazone: Kuiondoa hapana, mzee. Nikirudi pale hawataniachia tena.

Dk Mstaafu: Basi mwandikie profesa usiku huu, umwombe asogeze tarehe ya kuanza. Wenyeji wengi husogeza, ila wanataka kuambiwa mapema. Na ripoti za watahini zidai kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa idara. Ahadi ya mdomo ubalozini haikupi viza.

Pweza wa Raskazone: Hilo la tarehe nimelipokea. Naandika sasa hivi.