Wiki ya 5 baada ya upasuaji wa kupunguzwa tumbo, nimerudi kazini

Wapendwa, mapumziko yetu ya kula ni dakika 30. Nikila haraka niwahi, moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, natafuta pa kujilaza. Wenzangu wanauliza mbona nasaza. Mlifanyaje?

Jibu: Pole sana dada. Chakula kinakimbilia utumbo, hasa chenye sukari. Mimi nilianza na protini, vijiko vichache, natafuna mpaka kilainike kabisa. Maji nilikunywa nusu saa baadaye. Kilichobaki nilikula saa mbili mbele. Msimamizi aliniruhusu nilipomweleza.

Jibu: Vidonge vya vitamini B12 na madini ya chuma usiache hata ukijisikia mzima, nakuomba. Mimi niliacha, nikapungukiwa damu.

Muulizaji: Asanteni mno. Kesho naongea na msimamizi. Wenzangu nitawaambia ukweli, nimechoka kujificha.