Harrier yenye sanrufu: nichukue?

Mama Wawili: Wakuu, nimepata gari, Toyota Harrier ya 2006 hapa Dar, safi, ila ina sanrufu, kile kioo cha kwenye paa kinachofunguka. Mume wangu anasema masika itatuvujia. Mimi naipenda kwa ule mwanga. Mliotumia, nisaidieni.

Fundi Gerezani: Dada, mpira wa kioo hauzuii maji yote. Mengine hupita, huingia kwenye mfereji, kisha hushuka kwa mirija midogo ya kwenye kona, ndani ya nguzo za gari, hadi chini. Vumbi na majani vikiziba mirija, maji yanalowesha dari na kapeti. Watu wanalaumu mpira, wanapaka silikoni kila mahali, na gari linaendelea kuvuja! Kabla hujalipa, fungua kioo, mimina maji kidogo kwenye kona, chungulia chini kama yanadondoka. Nusa kapeti pia. Ukiinunua, futa reli ambazo kioo huteleza juu yake na upake grisi nyepesi kila kabla ya masika. Oili ya injini hapana, inakamata vumbi. Na tafadhali, asije mtu akapuliza mirija kwa kompresa kwa nguvu. Mrija ukichomoka ndani, ni kushusha dari nzima.

Mrefu wa Tegeta: Mumeo akae kwanza kiti cha mbele, sanrufu hupunguza nafasi ya kichwa. Lakini gari likishinda juani, ukiinua kioo kidogo joto linatoka haraka.

Mama Wawili: Asanteni sana. Fundi, kesho naenda na chupa ya maji.