Kundi la watu 16, meli ya mto Danube (Passau hadi Budapest) mwezi wa Septemba: tuhakikishe nini kabla ya kulipa?

mweka_hazina16
Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha wastaafu kina watu 16: 14 tuko Dar, wawili wanaishi Mombasa. Mpango ni kutua Munich, kulala huko usiku mbili, kisha treni hadi Passau na meli ya siku nane (usiku saba) Passau, Linz, Vienna, Bratislava, Budapest na kurudi Passau. Wakala wa huko Ujerumani anataka kianzio mwezi ujao. Naomba kujua:

1. Viza tunaomba Ujerumani kwa kuwa tunatua Munich, sivyo?
2. Vyumba vya sitaha ya chini ni nafuu kwa mbali. Vina ubaya gani?
3. Nasikia maji yakipungua meli haziendi. Ikitokea hivyo pesa zinarudi?
4. Chochote ambacho wanakikundi wa namna yetu hukosea.

kaunta_ya_viza
Namba 1 ndiyo inayoangusha makundi mengi, kwa hiyo nianze nayo. Mahali pa kutua si kigezo cha kwanza. Mnaomba kwa nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi, na usiku wa ndani ya meli unahesabiwa kwa nchi ambayo meli iko usiku huo. Mwombeni wakala ratiba ya usiku kwa usiku, si ile ya matangazo yenye picha. Kwa safari kama yenu mara nyingi Austria ndiyo inayoongoza, kwa sababu Linz, bonde la Wachau na Vienna zote ziko kwake na meli inapita kwenda na kurudi. Tuseme Austria 4, Hungaria 1, Slovakia 1, Ujerumani 3 (mbili za Munich na ya mwisho Passau): hiyo ni Austria. Mkiongeza usiku mmoja Munich, Ujerumani na Austria zinakuwa sare, na sare inaamuliwa na nchi mnayoingilia. Hapo ndipo Munich inapowapeleka Ujerumani. Usiku mmoja tu wa hoteli unabadilisha ubalozi, kwa hiyo msiweke miadi ya viza kabla ratiba haijafungwa.

Viza ya Schengen (ile moja inayofaa nchi zote nne za safari yenu) haiombwi kikundi. Kila mtu ana fomu yake, alama zake za vidole na ada yake, euro 90 kwa mtu mzima, juu yake ada ya kituo cha kupokea maombi. Hairudishwi ukinyimwa. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla, na mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, kwa hiyo kwa safari ya Septemba lengeni mwezi wa Juni. Wale wawili wa Mombasa wanaomba Kenya wanakoishi. Msiwapandishe basi kuja Dar.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari ilipe matibabu si chini ya euro 30,000, pamoja na gharama za kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani, na ianze siku mnayotua. Bima inayoanza siku ya kupanda meli, yaani siku mbili baada ya kutua, ni sababu tosha ya kunyimwa.

Jambo dogo linaloleta balaa kubwa: majina. Sisi tuna majina matatu, na fomu ya wakala ina visanduku viwili. Andikeni kama mistari miwili ya herufi na alama za "<<" chini ya ukurasa wa picha inavyosema, kwenye tiketi, bima na orodha ya meli. "Mwanaidi Juma" kwenye meli na "Juma Mwanaidi Salum" kwenye ndege ni kazi ya kusahihisha, na mashirika mengine yanatoza.

pochi_la_kikundi
Naongezea upande wa pesa, maana mweka hazina ndiye anayelaumiwa.

Muulizeni wakala karatasi inayoitwa Sicherungsschein *kabla* ya kutuma hata senti. Kwa sheria ya Ujerumani, anayeuza safari ya kifurushi (meli pamoja na hoteli au usafiri) lazima awe na dhamana ya kufilisika, na hiyo karatasi ndiyo ushahidi kwamba pesa zenu zitarudi akifunga duka. Asiyeweza kuitoa, achaneni naye. Kianzio cha kawaida huko ni asilimia 20. Anayedai nusu nzima mapema aeleze kwa nini.

Kwenye benki, fomu ya kutuma nje ina sehemu ya nani abebe makato: chagueni OUR, mtumaji alipe yote. Mkichagua SHA (makato mnagawana na mpokeaji), benki za katikati zinakata njiani, mnatuma euro 4,000 inafika pungufu, na mfumo wa wakala unasoma "hamjalipa". Michango mkusanye kwa shilingi lakini bei muihesabu kwa euro, na ongezeko la asilimia 5 hadi 8 la kuyumba kwa fedha. Kinachobaki kinakuwa bakshishi ya wahudumu. Meli nyingi hupendekeza kama euro 10 kwa mtu kwa siku, na kwa watu 16 siku nane hizo ni 1,280. Hakikisheni kama imo kwenye bei au la.

Halafu kanuni ya ndani, iandikwe na kila mtu asaini: mmoja akinyimwa viza, mwenzake wa chumba atafanya nini? Meli inauza chumba, si kitanda. Anayebaki peke yake anatozwa nyongeza ya mtu mmoja, na kuna meli zinazotoza hadi asilimia 100. Bila kanuni hiyo, ugomvi utaanza siku barua ya ubalozi inapofika. Njia rahisi ni kulipa salio baada ya viza kutoka, na kuhakikisha mkataba unaruhusu kubadilisha jina la abiria.

gati_la_mto
Nijibu la maji.

Kwanza mmechagua kipande kizuri. Sehemu korofi zaidi ya Danube ya juu iko kati ya Straubing na Vilshofen, kama kilomita 70 ambazo hazina mabwawa, na iko *juu* ya Passau. Safari zinazoanzia Nuremberg au Regensburg lazima zipite hapo, na ndizo zinazoishia kwenye basi. Kuanzia Passau kushuka, mto umefungwa kwa mabwawa ya umeme: hadi Budapest mnapita malango 11 (vyumba vya maji vinavyoshusha na kupandisha meli penye bwawa), kumi kuanzia Jochenstein hadi Freudenau pale Vienna, na moja kubwa la Gabčíkovo nchini Slovakia. Nyuma ya kila bwawa kina cha maji kinadhibitiwa. Panapobaki wazi ni Wachau (baada ya Melk), kipande cha Vienna hadi karibu na Bratislava, na chini ya Gabčíkovo kuelekea Budapest. Maji yakipungua sana, meli inaanza kugusa hapo.

Watu wanaogopa kiangazi wanasahau mafuriko. Maji yakijaa, meli haipiti chini ya madaraja hata nahodha akishusha chumba chake cha usukani (ndiyo, kinashuka kama lifti), na malango yanafungwa. Katikati ya Septemba 2024, mwezi huohuo mnaoutaka, Danube ilifurika Austria na meli za abiria zikakwama kwenye magati ya Vienna. Passau yenyewe Juni 2013 maji yalifika mita 12.89.

Ikitokea, hutokea moja kati ya haya matatu: meli inabaki hoteli inayoelea na mnapelekwa mijini kwa basi, au mnabadilishana meli, mnashuka hii na kupanda ndugu yake iliyokwama upande wa pili wa kipande kibovu, au safari inafutwa. Ni hili la tatu tu linalorudisha pesa zote bila mabishano. Kwa hiyo someni kifungu cha kina cha maji kwenye masharti ya mkataba na muulize kwa maandishi: mkilazwa meli ikiwa imefungwa gatini, punguzo ni kiasi gani kwa siku? Bima za kawaida za safari nyingi hazigusi suala hili kabisa.

Na wekeni nguo za siku mbili kwenye begi dogo. Siku ya kubadilisha meli masanduku husafiri na lori lake.

mweka_hazina16
Asanteni sana, hilo la kuhesabu usiku lingetuua. Nimesahau kusema: mama mmoja anatembea na fimbo, na wanne hawali kitimoto wala chakula chenye pombe. Na la sitaha ya chini bado.

gati_la_mto
Sitaha ya chini: dirisha ni dogo, liko juu karibu na dari, halifunguki, na nje yake maji yako karibu usawa wa macho. Kwa anayelala na kuamka tu ni pesa iliyookolewa. Ubaya wake hauko kwenye dirisha. Tezi (nyuma) kuna injini. Omo (mbele) kuna mashine ndogo ya kusukuma meli ubavu, ambayo hunguruma kila inapoingia langoni, hata saa tisa usiku. Kwa hiyo mkichukua chini, ombeni vyumba vya katikati ya meli. Juu, wenye mlango wa kioo wa kutelezesha, msilipie ziada mkidhani mtaona mto kila wakati: kwenye magati ya Vienna na Budapest meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili hata nne. Unafungua pazia asubuhi unatazamana na mtu anapiga mswaki kwenye meli ya jirani.

Hilo ndilo la kumfikiria mama wa fimbo. Meli zikifungwa hivyo, kufika nchi kavu ni kupita ndani ya ukumbi wa meli nyingine, na pengine kupanda hadi sitaha ya juu na kushuka tena kwa ngazi. Lifti, kama ipo, mara nyingi haifiki sitaha ya chini kabisa wala ile ya juu. Apewe chumba kwenye sitaha yenye mapokezi. Kwenye matembezi ajiandikishe kundi la mwendo wa pole, meli nyingi zinalo, maana mitaa ya zamani ya Bratislava ni mawe matupu.

Meli hizi kwa kawaida hazina daktari. Dawa za presha na sukari zikae begi la mkononi, za siku za ziada ziwemo, pamoja na cheti chenye jina la kitaalamu la dawa.

kaunta_ya_viza
Chakula: jiko la meli ni dogo na shehena inaagizwa mapema, kwa hiyo kuwaambia siku ya kupanda ni kuchelewa. Andikeni angalau mwezi mmoja kabla, na msiandike "halal" peke yake. Andikeni: hakuna nguruwe, hakuna mvinyo kwenye mchuzi, hakuna jelatini kwenye kitindamlo. Mpishi anaelewa orodha kuliko neno. Samaki na mboga vipo kila siku. Nyama iliyochinjwa kihalali msiitegemee kama hawajaithibitisha.

Meza nazo ziombwe hapohapo. Ukumbi hauna namba za viti, meza ni za watu wanne, sita, nane. Watu 16 wakifika dakika tano baada ya mlango kufunguliwa wanatawanyika.

pochi_la_kikundi
Munich hadi Passau: tiketi ya Bayern (jimbo lenye miji hiyo miwili) inabeba hadi watu watano kwa treni za mkoa, siku za kazi kuanzia saa 3 asubuhi, na safari ni zaidi kidogo ya saa mbili. Kwa watu 16 nunueni nne za watu wannewanne, majina yaandikwe juu yake. Haifai kwa treni ya ICE (ile ya mwendo kasi), na kondakta hana huruma. Ulizeni pia gati: baadhi ya meli hazifungi mjini bali Lindau, nje kidogo ya Passau.

Plagi zetu za pini tatu haziingii Ulaya, adapta moja kwa kila chumba. Euro inatumika nchi tatu, Hungaria ni forinti. Sarafu za senti 50 muwe nazo, vyoo vya stesheni vinalipiwa.

Na kila mtu apige picha ya ratiba ya magati kwenye simu. Meli haisubiri. Aliyeachwa Vienna anaweza kuiwahi Bratislava kwa treni ya kama saa moja, au Budapest kwa saa mbili na dakika 40 hivi, lakini awe anajua inafunga gati lipi.

gati_la_mto
Kwa watakaouliza wakae wapi kupiga picha: mkiingia Budapest kutoka juu, Bunge liko kushoto na kasri la Buda kulia. Muwahi kushoto, na mvae jaketi.