Nyimbo sita za kikundi: kibandani zitarushwa bure, tuuze shilingi ngapi?

Chikongola_Sauti
Wakuu, habari za leo. Kuna kikundi hapa Mtwara mjini kina nyimbo sita tayari. Zinatakiwa zitoke msimu wa korosho, minada ikishaanza kulipa. Studio, biti na kava vimekula Sh 480,000. Wenzangu wanataka Sh 1,000 kwa wimbo. Mimi naona siku ya pili tu vibanda vya kuingiza nyimbo, kuanzia stendi mpaka Masasi, vitakuwa nazo zote. Bei ya haki ni ipi hapo? Au tugawe bure tusubiri shoo?

FundiMemori_Lindi
Mkuu, buku kwa wimbo haiuziki, na wala si ubahili wa watu. Wimbo wa dakika nne kwa 128 kbps (kipimo cha ubora wa sauti, namba ikipanda sauti inakuwa safi zaidi na faili kubwa zaidi) una MB 3.8 hivi, kwa hiyo kadi ya GB 16 inabeba nyimbo 4,000 na ushee. Tuseme mteja analipa Sh 2,000 kujaziwa kadi: hiyo ni nusu shilingi kwa wimbo, na hata hiyo nusu analipia umeme, kompyuta na muda wa kijana aliyekaa pale. Wimbo wenyewe hajaulipia. Ukishindana naye kwa bei ya nakala umeshapigwa.

Uza zote sita kwa mkupuo, Sh 2,000, na huyohuyo mwenye kibanda awe wakala wako. Mpe Sh 800 kwa kila mauzo, ibaki 1,200. Gharama zinarudi kwenye mauzo 400. Ukiuza mmojammoja kwa Sh 500, yeye akachukua 200, unahitaji mauzo 1,600, na kila malipo ya simu yana uwezekano wa makato. Kasome bango la makato kwa wakala kabla hujatangaza bei, maana hela ndogo ndiyo inayoumia zaidi.

Toleo la kulipia liwe 320 kbps (MB 9.6 kwa dakika nne). Kwenye spika ya simu hakuna atakayejua tofauti, ila kwenye sabufa ya kigodoro 128 inajitaja yenyewe: matoazi yanakwaruza. Kijana wa kibanda akichukua 128 akaigeuza kuwa 320, anavimbisha faili tu, sauti iliyokwisha kukatwa hairudi. Wape mawakala wiki mbili za peke yao, kisha mwage 128 bure.

Newala_Biti
Fundi, hesabu yako naikubali, ila wiki mbili hupati. Xender, ile programu ya kurushiana mafaili kwa simu, inahamisha faili la MB 4 kwa sekunde chache, na mnunuzi wa kwanza ndiye mgawaji wa kwanza. Heri faili lenyewe liombe hela popote litakapofika.

Fungua Mp3tag, programu ya kuandika tagi (maelezo yanayokaa ndani ya faili la wimbo), kwenye kompyuta, jaza jina la wimbo, la msanii na la albamu, kisha kwenye sehemu ya maoni andika lipa namba. Hifadhi tagi kwa muundo wa ID3v2.3, usiache v2.4, kwa sababu redio nyingi za bei nafuu na simu za zamani haziisomi vizuri. Kava iwe picha ya mraba, pikseli 500 kwa 500, ya JPG, na namba iwe kubwa isomeke kwenye kioo cha kiswaswadu. Picha nzito inafanya baadhi ya redio za flashi zikwame kabla ya kuanza wimbo, na dereva wa bajaji hatasubiri, ataruka. Weka namba kwenye jina la faili pia. Kibanda kinaweza kufuta tagi, lakini majina ya faili huwa hawahangaiki nayo.

Flashi za kuuza zifomati FAT32, mpangilio wa mafaili ambao redio nyingi zinausoma. Kuanzia GB 64 nyingi zinakuja na mpangilio mwingine, exFAT, redio inaandika hakuna kitu, na mnunuzi anadhani mmemtapeli.

Jambo moja linasahaulika: jina linalotokea mtu akilipa. Likiwa la mwanakikundi ambaye hajulikani, mtu anaghairi hapohapo. Sajili lipa namba kwa jina la kikundi.

Chikongola_Sauti
Asanteni sana. Na zile programu za kusikilizia mtandaoni?

DadaHaki
Weka kaka, ila usizipigie bajeti. Nyingi hazina bei maalumu kwa kila msikilizo: mapato yanakusanywa kwenye chungu kimoja, kila mtu anakatiwa kulingana na sehemu yake ya misikilizo. Spotify tangu 2024 wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kabisa.

Kabla ya bei, angalieni biti mliipataje. Ikiwa ni ya kukodi mtandaoni, leseni nyingi zina kikomo cha mauzo na misikilizo, na mkivuka mnadaiwa. Ikiwa ni ya prodyuza wa hapa, andikeni karatasi moja ya asilimia kwa kila wimbo: mtunzi, waimbaji, prodyuza, jumla 100, saini zote. Kisha pelekeni kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki Tanzania, zisajiliwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda hata bila usajili, lakini siku ya kubishana cheti kinarahisisha ushahidi. Karatasi hiyo isainiwe kabla faili halijatoka studio. Wimbo ukishaanza kupigwa kwenye bajaji, kila mtu anakumbuka alitunga ubeti.

FundiMemori_Lindi
Newala, hapo kwenye jina la faili umenipata. Chikongola, basi fanya wiki moja badala ya mbili, na toleo la bure mlitoe nyie wenyewe likiwa na namba, kabla kibanda hakijatoa la kwake lisilo nayo.