Filamu ya safari ya familia iliyoharibika: ipi naweza kuonyesha mama mkwe akiwepo?

Baba Watatu wa Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Nina mada nyepesi, wenye siasa wapite tu.

Mwezi uliopita tulikwenda harusini Iringa na Noah ya shemeji. Ndani mimi, mke, shemeji, watoto watatu, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Mpwapwa. Tulipofika Mtera, mama akaona perege wabichi. Akasema bei ile Dodoma mjini huioni, akachukua wanane, kiroba akakiweka miguuni pake. Mimi nani wa kumkatalia?

Kupanda Nyang'oro gari ikachemsha. Tumesimama juani karibu masaa matatu, maji ya kunywa yote yameishia kwenye rejeta, wa mwisho anatapika, na wale perege nao wakaanza kuchangia mada. Mama alipokwenda kuchimba dawa, nikakichukua kiroba nikakitupa bondeni. Iringa tumeingia ukumbini watu wanaondoa viti. Mama alipogundua hakusema neno. Mpaka leo hajasema, na hicho ndicho kinachoninyima raha.

Sasa Jumamosi nataka tucheke wote pamoja. Jirani ananiazima projekta, shuka jeupe naning'iniza ukutani uani. Kwenye flashi nina hizi, zote za familia iliyotoka safari ikageuka mkosi: *Vacation* ile ya 1983, *Johnson Family Vacation* ya 2004, *RV* na *Little Miss Sunshine* zote za 2006, na *We're the Millers* ya 2013. Mama Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Watoto wana miaka 7, 10 na 14. Niwashe ipi?

Konda Mstaafu

RV, mjadala umefungwa.

Robin Williams ameahidi familia kwenda Hawaii. Bosi wake anamtaka Colorado kikazi, yeye anawadanganya mke na watoto kwamba amebadilisha mawazo, waende milimani na basi la kukodi lenye vitanda na choo ndani. Hajawahi kuendesha gari la ukubwa ule. Breki ya mkono haishiki, gari linajiondokea lenyewe na yeye anakimbia nyuma yake. Hapo mama yako anahitaji Kiingereza cha nini? Nimekaa mlangoni mwa basi miaka kumi na moja, naapa ile sura anayoweka akiliona gari linaondoka nimewahi kuiweka mimi, stendi, mbele ya abiria.

Halafu ni ya daraja la PG, yaani watoto wanaangalia mzazi akiwepo. Hakuna mtu anayevua nguo mkaanza kutafuta rimoti gizani.

Zabibu Kavu

Konda, mbona hujamwambia habari ya tangi la choo? Jamaa anajaribu kumwaga uchafu wa lile basi, bomba linamshinda, unaruka juu kama chemchemi na kumwangukia mwilini, watu wamekusanyika wanamtazama. Mleta mada, kama mtakuwa mnakula, hesabu muda vizuri.

Konda Mstaafu

Ndiyo sehemu tamu hiyo, dada! Mtoto wa miaka saba akicheka hapo mtamwita jirani aje kumshika.

Mama Kulwa

Mimi nampa kura Johnson, na sababu yangu ni moja tu: ile familia naijua. Siyo kwamba ni weusi, ingawa nalo linasaidia, bibi atawaona watu wanaofanana na wajukuu zake. Ni kile kinachowapeleka. Baba (Cedric the Entertainer) anaendesha kutoka California mpaka Missouri kwenye mkutano wa ukoo, na huko kuna kombe la familia bora ya mwaka. Kila mwaka anashindana na kaka yake, Steve Harvey, ambaye anajisikia kuliko maelezo. Na mke wameshatengana, amekubali kwenda ili mbele ya ukoo waonekane wako sawa.

Nani humu hajawahi kupanda gari na mtu aliyenuniana naye, mkifika kwa wakwe mnashikana mikono? Nioneshe.

Ila niseme ukweli, kama filamu imelegea. Vichekesho vimeunganishwa kama viraka, kimoja hakimjui mwenzake. Wakosoaji waliichana, na RV nayo waliichana. Na ni PG-13, yaani walio chini ya miaka 13 mzazi awe macho, kuna vineno viwili vitatu.

Mpenda Sinema Area D

Naona mnazunguka mbuyu. Zote hizo ni watoto, mama yao ni ile ya 1983.

Mwongozaji ni Harold Ramis, mwandishi ni John Hughes, ameitoa kwenye hadithi yake fupi aliyoiandika jaridani. Chevy Chase anaitoa familia Chicago kwenda bustani ya michezo California. Wangeweza kupanda ndege. Yeye anataka barabara, ili familia ikae pamoja. Kila kitu kinachofuata kinatoka kwenye ukaidi huo, na ndiyo maana imeshikamana kuliko hizo nyingine. RV mikosi inamwangukia mtu. Hapa mtu anaifuata mikosi ilipo, tena kwa gari la kijani baya kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa. Wanafika mwisho wa nchi, bustani imefungwa kwa matengenezo wiki mbili. Mlinzi mlangoni ni John Candy.

Na mjue kwamba mwisho huo haukuwa wa kwanza. Walipiga mwingine, jamaa anamfuata mwenye bustani nyumbani kwake. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, wakarudi kupiga upya. Yaani hata filamu yenyewe ilikosea njia.

Mama Kulwa

Daraja lake je?

Mpenda Sinema Area D

R, ya wakubwa hiyo. Kuna matiti mara moja mbili. Na kuna shangazi.

Mama Kulwa

Shangazi amefanya nini tena?

Mpenda Sinema Area D

Anafia safarini, amekaa siti ya nyuma. Wanamfunika, wanamfunga juu ya keria, safari inaendelea mpaka Phoenix kwa mwanawe. Hawamkuti, wanamwacha uani mvua inanyesha.

Mama Kulwa

Toba! Baba Watatu, hiyo futa kabisa kwenye flashi.

Mwalimu wa Zamu

Msifute kwanza, hapa ndipo pa kuzilinganisha.

Kwenye orodha yako kuna mbili ambazo mzee anafia safarini: hii ya shangazi na *Little Miss Sunshine*. Kwetu mzee akifia njiani safari imekwisha. Unapiga simu kwa wakubwa, mnageuza gari, harusi inahesabiwa haina bahati. Wale hawageuzi. Kicheko chote kinatoka hapo, mtu anafanya jambo ambalo wote tunajua halifanywi.

Lakini hazifanani hata kidogo. Yule shangazi wamempa ulimi mkali tangu anaingia garini, akifa wewe mtazamaji umeshachoka naye, unacheka bila dhambi. Rahisi mno, kwa maoni yangu. Babu wa *Little Miss Sunshine* ni mtukanaji, anavuta unga uzeeni, lakini ndiye anayemfundisha mjukuu kucheza na kumwambia ni mzuri. Unampenda. Anakufa usiku kwenye nyumba ya wageni, hospitali inawaletea makaratasi ambayo yatawachelewesha mashindano ya urembo ya yule binti. Baba anaamua: wanamviringisha shuka, wanampitisha dirishani, wanampakia nyuma ya Kombi. Unacheka huku koo limekaza. Alan Arkin alipewa Oscar kwa babu huyo, na mwandishi Michael Arndt akapata yake. Iligharimu dola milioni 8 hivi, pesa ya mboga kwa Hollywood.

Mimi ni mtu wa utani. Kwetu msibani mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hizo filamu hazina mtani. Wewe uliyekaa kwenye mkeka ndiye unayeachiwa kazi hiyo, na si kila mtu ataiweza mama mkwe akimtazama.

Fundi Majengo

Nimeiona hiyo ya Kombi. Klachi imekufa, fundi anawaambia gia ya tatu na ya nne haiwadai klachi, wasukume tu mpaka ishike mwendo, waegeshe penye mteremko. Sahihi kabisa, hilo si la kuigiza. Familia nzima inasukuma halafu wanarukia mlangoni mmoja mmoja gari likiwa linatembea, hata yule kijana aliyeapa kutoongea. Kisha honi inakwama, inalia yenyewe njia nzima. Mimi hapo nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Ila Noah yako usijaribu kuisukuma, otomatiki haiwaki hivyo. Na iliyochemka Nyang'oro angalia mfuniko wa rejeta na thamostati kabla hujaangalia filamu.

Kijana wa Udom

Mbona Millers hamjaigusa? Jennifer Aniston yumo.

Konda Mstaafu

Dogo, ile ni familia ya kukodi inavusha bangi kutoka Mexico. Mtaangalia wewe na wenzako hosteli.

Kijana wa Udom

Sawa mzee. Na kwa nini hatuna ya kwetu? Dar mpaka Mwanza na gari la familia: trafiki na tochi zao za kupima mwendo wamejificha, kila kijiji mwisho hamsini, Gairo foleni ya choo, Kibaigwa baba anashuka kuulizia bei ya mahindi kama vile ana lori. Singida kila mtu ananunua kuku, wanapanda nao hai.

Zabibu Kavu

Sasa hivi watu wa Dar wanakuja kwa treni ya umeme, hawachemshi, hawatapiki. Andikeni haraka kabla watoto hawajasahau rejeta ni nini.

Mama Kulwa

Tusipoteze mada. Baba Watatu, kama bibi ni wa kuheshimiana: RV. Johnson akiomba ya pili. Ya babu muangalie wewe na mkeo watoto wakilala. Shangazi asahaulike.

Baba Watatu wa Ipagala

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Jumamosi tumewasha RV. Umeme haukukatika, ila upepo wetu mnaujua, shuka lilikuwa linajaa kama tanga na Robin Williams ananenepa na kukonda. Mama alikaa kwenye kiti cha nyuzi, khanga begani, kimya. Breki ya mkono ilipoachia mara ya kwanza alisema "we!" Mara ya pili akapiga goti. Kwenye tangi la choo mwanangu wa miaka saba alianguka kwenye mkeka, na mama akafunika mdomo kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika. Mke wangu akanifinya.

Sasa yule wa miaka 14, kumbe alikuwa anasoma uzi huu kwenye simu yangu. Filamu imeisha, tunakunja mkeka, akamsimulia bibi yake habari ya shangazi na keria. Yote, mpaka mvua ya Phoenix. Nilitamani kuingia chini ya projekta.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu Iringa, akauliza taratibu kabisa:

"Baba, ile Noah si ilikuwa na keria?"

Nikamwambia ilikuwa nayo, mama.

"Ikabeba nini?"

Magodoro mawili.

"Kwa hiyo keria inabeba mtu mzima aliyekufa, perege wangu wanane wakashindikana."