Gumzo la Familia: Kitanda cha Sura ya Saba

Dada Mkubwa (12:40 jioni): Nawakumbusha kwa mara ya tatu kwamba mswada wa riwaya ya ndugu yetu unakwenda kwa mhariri Jumatatu, na kila mmoja aliombwa asome sura ya saba, ambamo mwanafalsafa anarudi katika mji mdogo alikozaliwa na kugombana na dada yake juu ya kitanda cha marehemu baba yao. Waliosoma ni wawili.

Shemeji (12:58 jioni): Nilifika pale anapouliza kama kitu chochote kinaweza kuwa cha mtu, nikapitiwa na usingizi. Kitanda kimefanya kazi yake.

Dada Mkubwa (1:02 usiku): Shemeji, acha mzaha. Huyo dada anayehesabu vijiko siku tatu baada ya maziko ni mimi. Hata tendegu la upande wa chagoni, lililopasuka likafungwa kwa waya, limeandikwa vilevile lilivyokuwa. Tena mwanafalsafa anahubiri wema kurasa kumi na moja, na hakuna anayeuliza ni nani anayemwoshea kikombe chake.

Mpwa (1:20 usiku): Shikamoo Shangazi. Kwa heshima, nadhani kisa hicho kimetoka kwa Spinoza, mwanafalsafa wa Uholanzi, aliyetengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi mjini Amsterdam mwaka 1656, kisha akaishi Rijnsburg akisugua lenzi. Husimuliwa kwamba dada zake walitaka kumnyima urithi wa baba yao, naye alipopata haki yake akawaachia vyote isipokuwa kitanda kimoja na pazia lake.

Dada Mkubwa (1:22 usiku): Marahaba. Cha Spinoza hakikufungwa waya.

Kitindamimba (2:47 usiku): Samahani kwa kuchelewa. Sijasoma, ila nakumbuka kwamba kitanda chenyewe kiliondoka nyumbani bila mimi kuulizwa.

Dada Mkubwa (2:48 usiku): Hilo tulilimaliza.

Kitindamimba (2:48 usiku): Mlilimaliza ninyi.

Shemeji (2:51 usiku): Riwaya imepata sura ya nane.

Mama (3:15 usiku): Wanangu, nimesomewa sura yote mchana. Kitanda kile hakuna aliyekinyang'anya. Nilikitoa mimi kwa mtu aliyekuwa akitudai, nikanyamaza kwa sababu aliyekopa ni baba yenu. Anayeandika na aandike na hilo.

Mwandishi (4:55 usiku): Shikamoo Mama. Sikulijua. Nilidhani ni Dada aliyekiuza, na sura nzima imesimama juu ya dhana hiyo.

Dada Mkubwa (4:56 usiku): Miaka yote hii umedhani hivyo, na salamu ukanipa.

Dada Mkubwa (5:10 usiku): Basi tukutane Jumamosi saa 10 jioni, tuisome kwa sauti mbele ya Mama kabla mswada haujatumwa.

Shemeji (5:12 usiku): Jumamosi sitakuwapo. Jumapili je?

Kitindamimba (5:30 usiku): Lilikuwa deni la nini?

Dada Mkubwa (asubuhi, 1:05): Jumamosi au Jumapili? Nangoja majibu ya watu tisa, na Mwandishi ni wa kwanza kati yao.